Jiwe la Mtu Aliye Hai

Ujumbe uliingia Jumatano asubuhi, fundi akikoroga chai. Simu ilitetemeka mezani, ikajisogeza kidogo kidogo kama mende aliyepigwa kiatu, mpaka ikagonga kopo la sukari. Hakuishika upesi. Alishajua ni nini, na jambo unalolijua halina haraka.

Alipoichukua alisoma kwa kidole, neno moja moja, maana shule yake iliishia darasa la tatu. "Mpendwa," simu ilisema, kisha kikafuata kisanduku kitupu, kisha mkia wa jina la mkewe, kisha: "unakumbushwa kufika zahanati Jumatatu kuchukua dawa zako. Afya yako ni furaha yetu."

Mkewe alikuwa na miezi kumi na moja na ushei chini ya ardhi.

"Furaha yenu iwapalie," fundi akaiambia simu, akaifunika kifudifudi.

Mtaani walimwita Timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma nchani ambayo mwashi hupimia kama ukuta umesimama wima au umelala. Walimwita hivyo kwa sababu ukuta ukipinda alisema, na mtu akipinda alisema vilevile, wala hakushusha sauti. Kazi nyingi zilimpita kwa mdomo huo. Mkewe ndiye aliyekuwa akizungukia nyuma ya nyumba za watu kumwombea radhi. Sasa radhi zilikuwa zimelundikana, hakuna wa kuziomba.

Nyuma ya mlango liliegemea jiwe. Alilimimina mwenyewe wiki ileile ya msiba, saruji na kokoto ndogo, na likiwa bado bichi akaandika juu yake kwa msumari: jina, na tarehe ya kufa. Jina alilinakili kutoka nyuma ya picha, mwandiko wa mke mwenyewe. Kwa watu wa kwao mkewe, herufi inayoanza jina lile ina kulabu chini yake, mfano wa mkia wa nge. Fundi hakufundishwa herufi hiyo popote. Aliichora mara tatu mchangani kabla ya kuthubutu kugusa saruji, na ilipotoka sawasawa alikaa chini akaitazama mpaka jua likamhama.

Jirani wa ukuta kwa ukuta, kila akipita kuomba moto aliliona jiwe lipo palepale. Siku moja akasema, "Ama kweli, asiye na mwana aeleke jiwe." Alitania tu. Lakini fundi na mkewe hawakujaliwa mtoto, na utani ule uliingia ukakaa, kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Jiwe lilikuwa limekwamishwa na sheria mbili, zilizotungwa na wakubwa wawili ambao, fundi hakuwa na shaka, hawajawahi kukaa meza moja. Ya kwanza: hakuna jiwe kusimamishwa makaburini bila cheti cha kifo. Ya pili: kaburi lisilo na jiwe likitimiza mwaka, trekta linasawazisha, anazikwa mwingine. Mwaka ulikuwa unatimia Ijumaa. Na cheti kilikuwa hakitoki, kwa sababu mashine ya ofisi ya usajili ilisema mkewe yu hai.

Dirisha la nne lilikuwa na foleni ya watu tisa na feni iliyosahau kazi yake. Karani wa dirisha hilo alikuwa binti mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Leo amekufa?"

Karani hakucheka wala hakuchukia. Miezi kumi na moja ilikuwa imewafanya kama watu wa nyumba moja.

"Bado. Mwezi uliopita alichukua dawa."

"Basi ukimwona mwambie arudi nyumbani. Nimechoka kujipikia uji kama mfungwa."

Kisa chenyewe fundi alikielewa kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Zamani watu wa mji ule waliandikwa kwenye vitabu vikubwa vya jalada jeusi, kwa wino. Kisha wakubwa wakaleta mashine kutoka nje, makarani wakaambiwa wahamishe kila mtu ndani ya miezi mitatu. Mashine ilitaka mambo matatu, na hata moja lisiachwe wazi: jina, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa. Sasa kwao mkewe, mtu hupewa jina moja likamtosha, akaishi nalo, akafa nalo. Makarani wakauliza juu wafanyeje. Juu wakajibu: andikeni "Hakuna". Basi maelfu ya watu wakawa ukoo mmoja, ukoo wa Hakuna, mkubwa kuliko ukoo wa mfalme yeyote. Wakauliza tena: na asiyejua siku aliyozaliwa? Juu wakajibu: Januari mosi, mwaka mkadirie kwa sura. Nusu ya mji ikazaliwa siku moja. Fundi alisema ingekuwa kweli, wakunga wote wangezikwa Januari pili.

Na ile herufi yenye kulabu, mashine haikuijua. Mahali pake iliweka kisanduku kitupu.

"Ila leo nina habari," karani akasema, akisogeza mdomo karibu na tundu la kioo. "Mkubwa amekubali tufunge jalada kwa mkono. Amesaini. Nikibonyeza hapa, mama anaandikwa marehemu, na cheti unaondoka nacho."

Fundi alishika ukingo wa dirisha. Hakuwa amejiandaa kwa jambo jema.

"Bonyeza, mwanangu."

"Ngoja kwanza, mzee. Mkubwa anasema huyo anayechukua dawa ni mwizi, anatembelea jina la marehemu. Tumemwita aandike maelezo. Nikibonyeza, kadi yake nayo inakufa hapohapo. Ndiye yule pale kwenye benchi."

Fundi akageuka. Tangu msiba alikuwa na hasira isiyo na pa kutua, maana wakubwa ni saini tu na muhuri, hawana uso wa kukodolea macho. Sasa amepata uso.

Ulikuwa uso wa mwanamke wa makamo yake, mkavu, aliyevua viatu akavipanga vizuri chini ya benchi kana kwamba amefika kwake. Mapajani alipakata mfuko wa plastiki.

"Wewe ndiye mke wangu?" fundi akamuuliza.

Mwanamke alimpima toka juu hadi chini. "Inategemea. Unakoroma?"

Foleni nzima ikacheka. Fundi hakucheka.

"Unakula dawa za mke wangu."

"Nakula dawa za moyo wangu, baba. Kama mkeo naye anao mbovu kama huu, mpe pole."

"Amekufa."

Kicheko cha foleni kikazimika. Mwanamke akasogea, akapangusa nafasi kando yake kwa kiganja. "Keti. Pole sana, Mungu ni shahidi sikujua. Wameniletea barua eti nimeiba. Nimeiba nini, barua haikusema."

Fundi hakukusudia kuketi, lakini miguu ilikuwa na shauri lake. Mwanamke akatoa kadi mfukoni. Fundi aliisoma kwa kidole. Kisanduku kitupu, mkia uleule wa jina, ukoo Hakuna, Januari mosi, hata mwaka ni uleule.

"Hili jina si lako."

"Ni langu, ila kichwa wamekikata."

"Hebu liandike zima."

Alimpa penseli yake ya kazi, ile pana aliyoichomeka sikioni. Mwanamke aliandika taratibu juu ya bahasha ya dawa. Fundi akaitazama ile herufi ya kwanza, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena. Haikuwa na kulabu. Ilikuwa na nukta mbili chini, basi.

"Ya mke wangu ina mkia," alisema. "Yako ina nukta."

"Ina mkia?" Mwanamke akamtajia jina zima la mkewe, likiwa na kichwa chake, kama lilivyotamkwa nyumbani. Hakuna mtu aliyelitamka hivyo mbele ya fundi kwa miezi kumi na moja. Ilimbidi atazame pembeni. "Hayo ni majina mawili mbalimbali, baba. Kwetu hata mtoto hayachanganyi."

Wakarudi dirishani wote wawili. Karani akasikiliza, akavua miwani, akaivaa tena, akampigia fundi wa mfumo, akaweka simu kwenye spika. Sauti ya kijana ikatoka, sauti ya mtu anayekula huku anazungumza.

"Ndani ya mashine kila herufi ina namba yake, mzee. Waliotengeneza toleo letu waliziwekea namba herufi zao. Zenu hazina namba, zote zinatoka kisanduku. Sasa mashine ikaona jina moja, ukoo mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Ikasema huyu ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili, ikawaunganisha."

"Herufi hizo zimeshindikana duniani?" fundi akauliza.

"Hapana. Siku hizi ziko mashine zinazoandika kila herufi ya dunia. Hii yetu ni toleo la zamani. Lilikuwa rahisi kununua."

"Nyie mmejenga nyumba mlango mfupi," fundi akasema, "kisha mnamlaumu mgeni kwa urefu. Watenganishe."

"Hilo mpaka walioitengeneza, huko nje. Tumewaandikia mara tatu. Wamejibu kwamba nafasi ya jina la ukoo haiwezi kuachwa wazi."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo, mzee."

Fundi akamgeukia karani. "Msajili huyu upya. Mwandike kazaliwa Februari."

"Tarehe ikishaingia haibadilishwi bila cheti cha kuzaliwa."

"Anacho?"

"Angekuwa nacho," karani akasema kwa uchovu, "asingezaliwa Januari mosi."

Wakati huohuo mlango wa ndani ukafunguka, Mkubwa akatoka na funguo za gari mkononi. Karani akasimama, akamweleza kwa maneno machache. Mkubwa alimsikiliza huku akitazama saa.

"Mzee wangu, mfumo huu ni wa kimataifa," alisema. "Unatumika nchi arobaini."

"Na kote huko mtu hapati jina moja?"

"Umethibitishwa na wataalamu. Mimi nimeshasaini, chukua cheti chako. Huyu mama afuate utaratibu."

"Utaratibu upi, bosi?" mwanamke akauliza.

"Atakuelekeza," Mkubwa akasema, akimnyooshea karani funguo, akaenda zake. Manukato yake yalibaki dirishani muda mrefu kuliko yeye.

"Upi?" mwanamke akamuuliza karani.

Karani alitazama meza. "Ukiandikwa umekufa, mama, zahanati haikupi dawa. Na kufufua mtu kwenye mashine hii sijawahi kuona."

Fundi alitazama kile kitufe. Kilikuwa kama vitufe vingine, kimechujuka rangi kwa vidole. Upande ule wa kioo kulikuwa na cheti, jiwe kusimama, na mkewe kubaki pale alipomlaza. Keshokutwa trekta. Alihesabu, kama anavyohesabu matofali ya ukuta, na hesabu haikutoshea popote.

"Bonyeza tu, binti," mwanamke akasema ghafla. "Baba huyu ana kaburi la kulinda. Mimi moyo wenyewe ni wa kuazima. Nitajua pa kuangukia."

"Acha," fundi akasema.

"Mzee?"

"Acha nimesema. Ondoa kidole."

Haikuwa huruma, au hivyo ndivyo alivyojiambia. Alikumbuka amejenga maisha yake yote kwa amri za watu waliokaa kivulini: toa huku, weka kule, bomoa. Leo wamemletea kazi ya kuua mtu, na saini wameshaiweka, kilichobaki ni mkono wake tu. Hii wakaifanye wenyewe.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za ofisi. Kichwa kilikuwa kizito kama ndoo ya zege. Mwanamke alimfuata, viatu mkononi.

"Kaburi liko wapi?"

"Yanayohusu kaburi niachie mwenyewe."

"Nimekuuliza liko wapi, si nimekuomba nafasi," akasema. Kisha akatua viatu kwenye ngazi. "Ingawa… hebu ngoja. Mtu aliye hai haruhusiwi kujiwekea kiwanja?"

Msimamizi wa makaburi waliyemkuta Alhamisi asubuhi aliitwa Koplo kwa sababu ya buti zake, ingawa jeshini alikuwa mpishi. Fundi alifika na jiwe kwenye toroli, makwapa yamelowa. Mwanamke alitembea kando akilishika lisiyumbe, na njiani alikuwa amejipa cheo.

"Mwambie Bi Mdogo amefika," alimwambia fundi.

"Nani kakuoa?"

"Mashine. Kwenye jalada langu mume ni wewe na simu ni yako. Ndiyo maana mimi sijawahi kupata ujumbe wa zahanati hata mmoja. Na wewe mume gani, miezi kumi na moja hujaleta hata kilo ya sukari?"

Fundi akageuza uso upande wa pili. Shavu lilimcheza, akalikaza.

Koplo aliwaona na jiwe akaanza kutikisa kichwa kabla hawajasalimiana. "Timazi, tusianze. Cheti?"

"Sina."

"Basi na jiwe huna."

"Sikuja kuzika, mwanajeshi," Bi Mdogo akasema. "Nimekuja kujiwekea pa kulala nikiwa bado na pumzi. Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa. Kwa kadi."

"Na kiwanja cha mtu aliyejiwekea kinasawazishwa?"

"Hakiguswi. Hicho ni chake mpaka aje."

Akampa kadi. Koplo akaiweka juu ya kimashine chake cha mkononi, kikalia. Akauliza anataka wapi. Fundi ndiye aliyejibu: "Safu ya nane, namba kumi na saba."

Koplo akainua macho. Alikuwepo siku ya mazishi. Alishika kamba ya upande wa miguuni. Alitazama safu ya nane, akatazama kile kimashine, akamtazama fundi.

"Mashine inasema namba kumi na saba ni tupu," akasema polepole. "Hakuna marehemu aliyeandikwa hapo."

"Na wewe unasemaje?" fundi akauliza.

"Mimi niliambiwa nisome mashine. Kufikiri walisema watafikiri wao." Akabonyeza. Kimashine kikatapika karatasi ndogo yenye kisanduku kitupu, mkia wa jina, Hakuna, Januari mosi. Akaipiga muhuri. "Kimewekwa na mwenyewe, yu hai. Simamisheni jiwe."

Walilisimamisha watatu. Koplo alichimba, fundi akapima kwa timazi, akalisogeza unywele kushoto, akapima tena, Bi Mdogo akakanyaga udongo kwa miguu mitupu. Ilipokwisha, Koplo akakuna kidevu.

"Kuna neno moja, kaka. Hapa pana tarehe ya kufa. Mkaguzi anapita kesho mbele ya trekta. Aliyejiwekea mwenyewe hawezi kuwa na tarehe ya kufa. Akiiona hiyo, jiwe linang'olewa na mimi nafuata."

Fundi alipitisha kidole juu ya namba zile.

Ile tarehe aliiandika akiwa hajalala siku nne. Ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa kikikiri kwamba mkewe alikufa. Ofisi ilikataa, zahanati ilikataa, simu ilikataa kila mwezi. Jiwe peke yake lilisema kweli.

"Nina mabaki ya saruji kibandani," Koplo akasema, akitazama buti zake. "Nusu kopo."

"Lete. Na maji."

Alikoroga kwenye kipande cha bati, mkono ukienda wenyewe kama ulivyozoea miaka arobaini. Mwiko wake mdogo alikuwa nao mfukoni. Mwashi hatembei bila mwiko. Akalowesha jiwe, akajaza namba ya kwanza, ya pili, mwezi, mwaka. Alisawazisha, akapiga kwa sifongo. Kazi ilitoka safi. Angeilaani lau ingekuwa mbaya, na aliilaani kwa kuwa nzuri. Tone moja la saruji lilikuwa limedondokea juu, kwenye jina, likaziba ile kulabu. Akatoa msumari mfukoni, akaikwangua taratibu, akapuliza vumbi, mpaka mkia wa nge ukaonekana wote.

"Siku nikija mimi," Bi Mdogo akasema, "utaniongezea nukta mbili hapo chini. Tutabanana."

"Siku ukija wewe mimi nitakuwa nimekwisha zamani."

"Basi niachie msumari."

Koplo alikuwa anaondoka na koleo begani. Akageuka. "Mkaguzi akiuliza mwenye jiwe nimwambieje?"

Fundi alikuwa amepiga magoti bado, akifuta mwiko kwenye majani. Mgongo ulimuuma kote.

"Mwambie mke wangu hajambo," akasema. "Mwambie awasalimie wakubwa wake."

Kisha akatoa simu, akaufungua ule ujumbe wa jana, akamsomea Bi Mdogo kwa kidole, neno moja moja, akipaza sauti kidogo kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza. Jumatatu. Zahanati. Dawa zako. Kwenye kisanduku kitupu alisita, akainua macho kwenye jiwe, kisha akamtazama yeye, akamwita kwa jina lake, lile lenye nukta.

"Nimesikia," Bi Mdogo akajibu, akivaa viatu. "Nitakwenda."